Tuskegee: mji uliochorwa upya ili watu weusi wasipige kura

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Butembo

 

Tangu tulipotangaza kwamba leo tutaongea juu ya mji mmoja mdogo wa Amerika, watu wametuuliza: «Vijana, hapa kwetu matatizo yanajaa, munaenda kutafuta nini mbali hivyo?» Ni swali la haki. Jibu letu ni hili. Watu wengi wakisikia neno uchaguzi wanawaza raisi, Kinshasa, mabango makubwa na vitenge vya chama. Lakini kura ya mwananchi, mara nyingi, haiibiwi huko juu. Inaibiwa kwenye biro ndogo: kwenye meza ya kuandikisha watu, kwenye ramani ya mji, kwenye tarehe inayosukumwa mbele kila mwaka. Na kule ilikoibiwa njo kule inapaswa kufuatwa. Tuskegee inaonyesha jambo hilo wazi kuliko mji mwingine wowote tunaoujua.

Tuskegee iko katika jimbo la Alabama, kusini ya Marekani, karibu kilometa 60 upande wa mashariki ya Montgomery. Ni mji mkuu wa kaunti ya Macon, tuseme kama vile teritware kwetu. Si mji mkubwa: mwaka 1950 ulikuwa na watu 6,712. Lakini jina lake lilijulikana mbali, juu mwaka 1881 Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa katika utumwa, alianza kuongoza pale shule ya watu weusi, Tuskegee Institute, ambayo leo ni universite. Mwaka 1923 kukafunguliwa pia hospitali kubwa ya watu weusi waliokuwa wanajeshi. Kwa hiyo katika mji ule mdogo kulikuwa waalimu, wauguzi, madaktari na maprofesa weusi wengi. Na katika kaunti nzima, kwa kila watu kumi, zaidi ya wanane walikuwa weusi.

Sasa muhesabu wakubwa. Meya: mzungu. Washauri wa mji: wazungu. Sherifu: mzungu. Wenye kuandikisha wapiga kura: wazungu. Iliwezekana namna gani?

Katiba ya inchi, tangu 1870, ilikataza kumunyima mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Lakini mwaka 1901 jimbo la Alabama likajiandikia katiba yake. Ikadai mtu ajue kusoma na kuandika, ao awe na mali, na alipe kodi ya kura. Kodi hiyo ilikuwa dola moja na nusu kwa mwaka, na kama hukulipa ilikuwa inalundikana: siku unapotaka kupiga kura, unadaiwa na miaka ya nyuma. Hakuna mstari ulioandika «mtu mweusi hapigi kura». Haikuhitajika. Kazi yenyewe iliachiwa biro.

Biro hiyo ilikuwa halmashauri ya watu wachache tu, wenye kuandikisha wapiga kura. Wazungu walikuwa na chumba chao, weusi chumba chao. Mzungu anaingia, anatoka haraka. Mweusi anakaa masaa, ananakili kwa mkono vipande virefu vya katiba, halafu anaambiwa kuna kosa, ao haambiwi kitu. Tena alidaiwa mpiga kura aje kumushuhudia, aseme: huyu ninamujua, ni mtu mwema. Na wapiga kura karibu wote ni wazungu. Na mstari wa weusi ukirefuka, wakubwa wa biro wanapotea. Wanajificha, ao wanajiuzulu, na miezi inapita bila mtu wa kukamata nafasi yao. Hakuna mtu aliyekatazwa, munaelewa? Ni mlango tu uliofungwa, na mwenye funguo hayuko.

Charles Gomillion alifika Tuskegee mwaka 1928 kufundisha, akawa profesa wa sosiolojia. Alianza kuomba kuandikishwa mwaka 1934. Alipata mwaka 1939. Na alipata namna gani? Alikuwa anajenga nyumba, na mzungu aliyekamata kazi ya kumujengea akakubali kumushuhudia. Profesa wa chuo hakuweza kuwa mpiga kura mpaka pale fundi anayemulipa akubali kusema yeye ni mtu.

Sisi tuliomaliza universite na tunatembea na diploma kwenye bahasha, hapo tulisimama kidogo. Kwetu wanatuambia: someni kwanza, mengine yatafuata. Watu wa Tuskegee walisoma. Walisoma kuliko wengi wa wale waliowanyima kura. Haki haikufuata masomo yenyewe. Lakini masomo yaliwapa kitu kimoja cha maana: walijua kuhesabu, kuandika na kutunza karatasi.

Mwaka 1941 Gomillion na wenzake wakaunda chama, Tuskegee Civic Association. Kazi yao haikuwa ya kupiga kelele. Mtu akienda kwenye biro, wanaandika: ni nani, siku gani, alingoja masaa mangapi, alijibiwa nini. Akienda mara ya pili, wanaandika tena. Miaka na miaka. Wengine waliwacheka. Lakini mwaka 1958, wakati tume ya serikali kuu juu ya haki za raia ilipokuja Montgomery kusikiliza malalamiko, watu wa Macon hawakuja na uchungu tu. Walikuja na majina, tarehe na hesabu.

Pamoja na vizuizi vyote hivyo, pole pole watu waliandikishwa. Mwaka 1957 wapiga kura weusi ndani ya mji walikuwa karibu 400. Wazungu walikuwa bado wanawapita, lakini walijua kuhesabu pia. Waliona kwamba siku moja weusi watachagua meya. Hapo seneta mmoja wa jimbo, Sam Engelhardt, akapeleka sheria bungeni: mipaka ya mji ibadilishwe. Ikapitishwa.

Mbele ya hapo, mji wa Tuskegee ulikuwa na umbo la mraba, pande ine. Sheria mpya ikaupa pande 28. Mstari unaenda, unakata, unarudi, unazunguka nyumba hii, unaacha ile. Ulipomaliza kuzunguka, wapiga kura weusi karibu wote 400 walikuwa inje ya mji, walibaki wane ao watano. Mzungu hata mmoja hakutolewa. Hata Tuskegee Institute yenyewe, shule iliyoupa mji jina duniani, ikawekwa inje. Hesabu ya watu ya mwaka 1960 ilikuta mji umebaki na watu 1,750.

Hakuna nyumba iliyobomolewa. Hakuna mtu aliyefukuzwa kwake. Mama mmoja analala akiwa mkaaji wa mji, anaamuka kitanda ni kile kile, jiko ni lile lile, lakini hachagui tena meya. Walimuhamisha kwa kalamu.

Walifanya nini? Mambo mawili kwa wakati mmoja, na tunaomba tuyaangalie vizuri.

La kwanza ni mfuko. Tarehe 25 Juni 1957 walijaa ndani ya kanisa na inje ya kanisa, wakasema: watu waliotutoa katika mji ndio wanaokula franga zetu. Basi, tununue kwa rafiki zetu. Hawakuvunja duka. Hawakuzuia mtu barabarani. Waliacha tu kuingia. Wakubwa wa jimbo wakakasirika, wakapekua biro ya chama, wakaenda mahakamani kudai mambo yale yakatazwe. Mahakama ya pale Alabama ikakataa: mtu ana haki ya kununua anapotaka. Maduka mengi ya wazungu yalifunga. Na watu walivumilia miaka, wakitembea mbali kutafuta chumvi na sabuni. Muwaze kidogo uzito wa jambo hilo kwa mama mwenye watoto.

La pili ni mahakama. Avoka wao mmoja alikuwa Fred Gray, mtoto wa Alabama aliyelazimika kwenda kusomea sheria Ohio, juu jimbo lake halikupokea weusi katika masomo hayo. Mahakama ya kwanza ikasema haina uwezo juu ya mipaka ya miji. Walishindwa. Mahakama ya rufaa ikasema vile vile. Walishindwa tena. Wakapanda mpaka Mahakama Kuu ya inchi, Gray akiwa bado na miaka 29. Alibeba ramani. Jaji mmoja akamuuliza Tuskegee Institute iko wapi juu ya ramani ile, na Gray akajibu kwamba iko inje, haimo tena katika mji. Ramani ikasema iliyobaki. Tarehe 14 Novemba 1960 majaji wote tisa waliamua: jimbo lina uwezo wa kubadilisha mipaka, lakini haliwezi kutumia mipaka kumunyanganya mtu kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka uliofuata mji ukarudishiwa umbo lake, na jaji akaamuru biro ya kuandikisha iache michezo yake na iwaandikishe weusi sawa na wazungu.

Mwaka 1964 washauri wawili weusi wakaingia katika baraza la mji. Mwaka 1965 sheria kubwa ya haki ya kura ikapitishwa Washington.

Lakini tusidanganyane kwamba hapo yote yaliisha. Usiku wa tarehe 3 Januari 1966, mwanafunzi Sammy Younge, miaka 21, mmoja wa vijana waliokuwa wanasaidia watu kujiandikisha, alipigwa risasi kwenye kituo cha esanse pale Tuskegee, kwa kutaka kutumia choo cha wazungu. Aliyemuua alihukumiwa, akaachiliwa huru. Jina la Sammy Younge tunaomba mulikumbuke, juu hapa kwetu pia tunajua kuzika vijana.

Baada ya kifo hicho, vijana na wazee wakagombana. Gomillion alitaka kwenda pole pole: weusi na wazungu wagawane uongozi, watu wazoee. Hakutaka weusi wawafanyie wengine kile walichofanyiwa. Vijana wakasema: mzee, tumengoja vya kutosha. Mwishoni mwa mwaka 1966, Lucius Amerson akachaguliwa sherifu wa kaunti ya Macon, mweusi wa kwanza kukamata kazi hiyo kusini tangu karne ya 19. Mwaka 1972 Johnny Ford, kijana wa miaka 30, akachaguliwa meya. Sisi tunasema pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Bila karatasi za wazee, vijana wasingekuta mlango wa kusukuma. Bila haraka ya vijana, wazee wangeweza kungoja mpaka kaburini.

Na kuna sehemu ambayo watu hawapendi kusimulia. Meya mweusi alipoingia, wazungu wengi walikuwa wanaondoka, wakitoa watoto katika shule za serikali na kufungua zao wenyewe. Mali ikaondoka pamoja nao. Tuskegee ilipata biro, lakini sanduku la mji halikujaa. Mpaka leo si mji tajiri. Kura ilifungua mlango, haikupika bugali. Na mwaka 2013, katika kesi iliyotoka kaunti nyingine ya Alabama ile ile, Mahakama Kuu iliondoa kizuizi kilicholazimisha majimbo kama Alabama kuomba ruhusa Washington mbele ya kubadilisha sheria zao za uchaguzi. Kulinda mstari ni kazi ya kila kizazi.

Sasa turudi kwetu. Hatusemi ni sawasawa. Kule ilikuwa rangi. Kwetu ni vita, ni mauaji, ni ugonjwa, na mambo mengine ambayo kila mtu hapa anayajua. Lakini matokeo kwa mpiga kura yanaweza kufanana: uko kwako, karte iko mkononi, na unajikuta inje ya mstari.

Tarehe 26 Desemba 2018, siku ine mbele ya uchaguzi, ilitangazwa kwamba Beni na Butembo hazitapiga kura pamoja na inchi yote, kwa sababu ya Ebola na usalama. Tarehe 30, inchi ilipiga kura. Kule Beni watu walipanga mstari vilevile, wakaosha mikono, wakajitengenezea karatasi zao na masanduku yao, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa. Raisi aliapa tarehe 24 Januari 2019. Sisi tuliitwa tarehe 31 Machi, kuchagua wabunge tu. Ile ya raisi ilikuwa imekwisha bila sisi.

Na kuna mstari mwingine, wenye watu hawauongelei sana. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 juu ya miji, komini, sekteri na sheferi inasema vizuri kabisa: komini iko na baraza, na mji uko na baraza. Wananchi wanachagua washauri wa komini. Washauri wa komini wanachagua washauri wa mji. Na hayo mabaraza njo yanachagua burugumestre na meya. Mwisho wa mwaka 2023, washauri wa komini walichaguliwa. Lakini wapi? Katika miji mikuu ya majimbo peke yake. Butembo si mji mkuu wa jimbo. Beni pia hapana. Kwa hiyo Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba hazikuchagua mtu. Meya wetu anatoka kwa barua ya kuteuliwa. Na tangu Mei 2021, chini ya état de siège, uongozi wa mji umekaa mikononi mwa watu wa unifomu.

Juu ya nini hilo ni jambo la maana? Juu ya franga. Katiba, katika kifungu cha 175, inatenga kwa majimbo 40 kwa mia ya mapato ya serikali, na sheria ya 2008 inasema 40 kwa mia ya fungu hilo la majimbo iende kwa miji, komini, sekteri na sheferi. Mama anayelipa kodi ya meza kila asubuhi sokoni, ni nani anaulizia kwa niaba yake kile kodi inafanya? Mshauri aliyechaguliwa angeuliza, ama mama angemunyima kura. Mtu wa barua anajibu kwa yule aliyeandika barua. Hatumushutumu mtu. Tunasema tu mahali jibu linapoenda.

Basi, tunatoka hapa na kazi gani?

Kwanza, karatasi. Katika kila kartie tutafute watu wawili wa kushika daftari: ni nani hana karte, ni nani alifika kwenye biro ya kuandikisha akarudishwa, siku gani, kwa neno gani. Bila matusi, bila kuongeza chumvi. Jambo moja la uongo linaharibu mambo mia ya kweli.

Pili, ramani. Tujifunze mipaka ya komini zetu na kartie zetu. Wengi wetu hatuijui. Na mtu asiyejua mpaka hawezi kuona siku unasogezwa.

Tatu, maswali. Tuandike barua, tuombe kuonyeshwa bajeti ya mji na ya komini, na tuombe kwa maandishi tarehe ya uchaguzi wa washauri wa komini katika miji isiyo miji mikuu. Usalama ni sababu, tunaikubali. Lakini sababu bila tarehe ni mlango usio na funguo.

Ine, amani. Watu wa Tuskegee walioacha kununua hawakurusha jiwe, na si kwa woga. Walijua kwamba jiwe moja lingewapa wakubwa ruhusa waliyokuwa wanaitafuta. Sisi pia tunaijua ruhusa hiyo na inafanya nini.

Tano, wazee na vijana tukae pamoja. Kuna wazee hapa ambao wameandika na kutunza barua tangu zamani. Tunawaomba mutufungulie masanduku yenu. Na vijana tusije kama watu waliovumbua mapambano jana.

Mambo haya ni ya pole pole. Toka siku Gomillion aliomba kuandikishwa mpaka siku mji ulichagua meya mweusi, kulipita miaka 38. Hatuwaombi mungoje miaka 38. Tunawaomba tuanze na daftari wiki hii. Baada ya maneno haya tutabaki hapa na kalamu; kila kartie ije itupe majina yake mawili.